Sufu Isiyooshwa

Dobi alifika duka la nyuzi jua likizama, akamkuta mwenye duka ameshashusha nusu ya mlango na anatafuta kufuli. Alitaka sufu ya rangi ya maziwa, mabonge kumi na mawili. Mwenye duka alimjibu bila hata kuinua kichwa kwamba ya maziwa ilikwisha tangu juzi, kuna mteja aliibeba yote.

"Mteja gani?" Dobi aliuliza, ingawa alikwisha kumjua.

"Yule wifi wa mdogo wako. Anafuma blanketi la mtoto. Mpole sana yule mwanamke."

Dobi alishukuru, akageuka. Lile neno mpole lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Dobi lilikuwa jina la kazi. Kwa miaka kumi na tisa alifua na kunyoosha nguo za watu katika duka la mashine nne, mbili kati yake zikiwa wagonjwa wa kudumu. Hiyo ilikuwa kazi ya tumbo. Kazi ya moyo ilikuwa kufuma. Bibi arusi alifumiwa, mgonjwa alifumiwa, jirani aliyehama alifumiwa hata kama walikuwa hawasalimiani. Shemeji yake alizoea kumtania kwamba paka akikaa karibu na dada anaondoka amevaa sweta. Na kila mtoto aliyezaliwa katika ukoo ule alitoka hospitali amefungwa blanketi la Dobi. Watoto kumi na mmoja, mablanketi kumi na moja, na hakuna aliyewahi kuuliza la mwingine atafuma nani.

Mpaka sasa. Mdogo wake, ambaye alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, akambeba mgongoni, akamsuka nywele, akamsomesha kwa jasho la pasi, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Na Jumapili iliyopita, huku akimenya machungwa ili asimtazame usoni, alisema:

"Dada, usichukie. Wifi ameomba afume yeye blanketi la kumtolea mtoto. Nimeona nimwachie. Wewe si utatufumia soksi?"

Soksi.

Dobi alicheka, akasema hakuna neno, akala chungwa lake mpaka likaisha. Lakini tangu siku hiyo hakulala vizuri. Tusimfichie: alikuwa na wivu, ule wivu wa kweli unaoleta kiungulia. Huyo Wifi alikuwa dada wa mume, ameingia katika familia juzi juzi, na kwa sababu ya sindano mbili na sauti laini alikuwa anachukua mahali ambapo Dobi alikaa miaka yote. Aliapa mtoto atatoka hospitali na blanketi la mama yake mkubwa. Atakayechukia na achukie.

Sasa hata sufu ilikuwa imemshinda. Alikata njia kwenye uchochoro wa nyuma ya duka, akiwa amekunja uso, ndipo akasikia sauti.

Krrrk... krrrk... krrrk...

Ilikuwa sauti anayoifahamu, ya uzi unaotolewa kwenye kitu kilichokwisha kufumwa. Mlango mmoja ulikuwa wazi na ndani kuna balbu moja. Mwanamume mwembamba, kidevu kimenyolewa safi, alikuwa na sweta kuukuu mapajani, anavuta uzi na kuuzungushia kwenye mgongo wa kiti. Uzi ulitoka umejikunjakunja kama tambi. Ukutani, kwenye msumari, lilining'inia shada kubwa la sufu ya rangi ya maziwa.

"Karibu mama," alisema. Alinong'ona, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala.

"Hiyo ya maziwa unauza, mzee?"

"Nauza. Ila bado sijaiosha."

"Ilikuwa nini?"

"Blanketi." Alivuta uzi. Krrrk. "La mtoto."

Dobi aliishika. Ilikuwa laini kupita ya dukani. Pia ilikuwa na joto, lakini aliona ni kwa sababu ya balbu.

"Unajua inavyotakiwa?" yule Mfumuaji alinong'ona. "Maji ya vuguvugu na sabuni. Kisha uitundike, ufunge chupa ya maji chini iivute. Siku tatu. Mpaka inyooke."

"Mimi ni dobi, mzee wangu. Utanifundisha kufua?"

"Basi unajua uzi ulivyo mkaidi. Usipoosha, unakumbuka ulivyokuwa." Aliushusha ule mzigo msumarini, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Siku tatu, mama. Mpaka isahau."

Njiani Dobi alipiga hesabu. Mtoto alikuwa anatarajiwa baada ya siku kumi. Blanketi humchukua jioni tisa, akijitahidi nane. Wifi alikuwa ameshaanza. Siku tatu za kusubiri uzi unyooke atazipata wapi?

Kila mfumaji anajua kwamba uzi uliofumuliwa haufumwi bila kuoshwa. Hata mtoto anayejifunza kufuma kwa vijiti vya mishikaki anaambiwa hivyo siku ya kwanza. Na huyu alikuwa mtu aliyeshinda kutwa nzima mikono yake imo ndani ya povu. Lakini kinyozi hajinyoi. Jioni ile ile Dobi alianzisha vitanzi mia moja na arobaini, akaanza kufuma.

Kazi ilienda upesi mno. Sindano zilikuwa kama zinajua njia. Jioni ya tatu alisikia harufu ya maziwa, yale yaliyokaukia kwenye nguo ya mtoto, akanusa mikono yake, akanusa kikombe chake, akaacha. Jioni ya nne aliliweka blanketi kitini akaenda kufunga dirisha. Aliporudi, akaliinua... lilikuwa na joto. Joto la kitanda ambacho mtu ameamka sasa hivi.

Jioni ya sita aliona bonde.

Alikuwa amelitandaza mezani apime upana. Pembe nne zilikuwa sawa na vitanzi vilikuwa mia moja na arobaini, alihesabu mara mbili. Lakini katikati blanketi lilikuwa limebonyea na kando zake zimeinuka, kama kitu kidogo kimelala pale siku nyingi. Alilinyoosha kwa viganja. Likarudi. Alilinyoosha tena kwa nguvu, akainamisha kichwa aone kasoro ya mishono iko wapi, sikio likakaribia sufu.

Akasikia mtu anaimba kwa pua, chini chini, wimbo wa kumbembelezea mtoto.

Halafu neno moja, polepole.

"Wangu..."

Aliinuka kwa kasi, kiti kikaanguka nyuma yake. Nyumba ilikuwa kimya. Akajiambia ni redio ya jirani. Jirani hakuwa na redio, na Dobi alijua hivyo.

Mtu mwingine angekitia kile kitu motoni. Dobi alifikiri juu ya Wifi ameketi kitandani hospitali, watu wakipokezana blanketi lake na kusema jamani angalia mikono hii. Akaokota kiti, akakaa, akamaliza mstari.

Siku ya nane alilibeba kazini, limekamilika, ili alinyooshe kwa pasi ya mvuke. Mpiga pasi mwenzake, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, alimpisha mezani. Mvuke ulitoka fuuu, bonde likalala, blanketi likawa bapa kama karatasi.

"Zuri," mwenzake alisema. Kisha akanusa. "Mbona linanuka maziwa? Limeshatumika hili?"

"Jipya."

"Dobi, mimi nimezaa watano. Hiyo harufu naijua."

Walikuwa wakiangalia wote wawili. Katikati ya blanketi, taratibu, pakaanza kubonyea. Pakainuka kidogo. Pakabonyea tena. Kama mtoto anavyopumua usingizini.

"Ni mvuke," Dobi alisema.

Mwenzake alichukua kikapu chake cha mashati, akaenda kunyooshea meza ya mwisho kabisa, na siku hiyo hakuongea tena.

Uchungu ulimshika mdogo wake siku mbili kabla ya wakati. Dobi alikuwa wa kwanza kufika wodini. Wifi alikuwa bado nyumbani anamalizia pindo. Muuguzi alitoka na mtoto wa kiume mikononi, akauliza blanketi la mtoto liko wapi.

"Hili hapa," Dobi alisema, na moyo wake ukafurahi kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Mtoto alizungushiwa, akanyamaza papo hapo. Akafungua macho, akamtazama Dobi.

Wifi alifika baada ya saa nzima, anahema, blanketi lake limekunjwa ndani ya mfuko. Lilikuwa zuri, hilo hata Dobi alikubali kimoyomoyo, na pindo lake lilikuwa la majani madogo madogo yaliyofumwa moja moja. Aliona la Dobi limeshafungwa. Akasita kidogo, kisha akarudisha lake mfukoni.

"Umelipatia kweli dada," alisema. "Langu litakuwa la kubadilisha."

Ukarimu ule ulimuudhi Dobi kuliko tusi. Lakini Wifi aliponyoosha mikono amshike mtoto, mtoto alilia, akajikaza kama ubao, mpaka akarudishwa kwa Dobi. Akatulia. Dobi aliinama kana kwamba anamwekea kofia vizuri, kumbe anaficha tabasamu.

Baba alijaribu, mtoto akalia. Bibi mzaa baba alijaribu, akalia. Watu walicheka, wakasema huyu amemchagua mama yake mkubwa.

Kisha mama yake akamshika.

Mtoto alilia kilio cha namna nyingine. Kilikuwa kilio cha hofu. Aliepusha uso na ziwa, akafumba mdomo, akasukuma kwa vile vidole visivyo na nguvu. Ilikuwa hivyo siku ya kwanza, na ya pili, na ya tano. Walipomvua blanketi alilia mpaka sauti ikakauka, akabaki anatoa upepo tu, hivyo wakamrudishia. Alikubali maziwa ya mama yake yakikamuliwa kwenye kikombe, matone mawili matatu, na ni Dobi tu aliyeweza kumnywesha. Dobi alihamia nyumbani kwa mdogo wake. Aliomba ruhusa kazini. Kila usiku mtoto alilala juu ya kifua chake, na kila usiku Dobi alisikia ule wimbo wa puani, akajifunza kutousikiliza.

Ukimuuliza kama aliogopa, aliogopa sana. Lakini pia alikuwa na raha, na raha hiyo ndiyo aliyoionea aibu.

Siku ya tisa mtoto alipimwa. Muuguzi aliangalia mzani, akagonga kioo chake kwa ukucha, akapima tena. Akasema wamrudishe kesho kutwa, na kama atakuwa hajaongezeka watamlaza. Mikono ya mtoto ilikuwa imebaki ngozi.

Waliporudi mdogo wake aliketi sakafuni, gauni limelowa maziwa kifuani.

"Dada," alisema, "mwanangu hanitaki. Ananitazama kama mtu aliyemwibia."

"Atazoea."

"Anakufa, dada. Wewe huoni?"

Dobi aliona. Alimpa mtoto, mtoto akaanza kulia, Dobi akatoka mbio jua likiwa linazama.

Mlango wa uchochoroni ulikuwa wazi na balbu inawaka. Mfumuaji alikuwa na shali ya kijani mapajani. Krrrk... krrrk... Hakushangaa kumwona.

"Hukuiosha," alinong'ona.

Dobi aliegemea mlango. Alitaka kusema uongo, lakini pumzi haikumtosha. "Lilikuwa la nani lile blanketi, mzee?"

"La mwanamke mmoja. Alifuma kwa wivu. Hakutaka mtoto ashikwe na mtu mwingine."

"Mama gani huyo?"

"Nani kasema alikuwa mama?" Alivuta uzi. "Mtoto hakuwa wake."

"Na mtoto... ilikuwaje?"

Mfumuaji alizungusha uzi kitini, mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. "Mimi nanunua sufu tu, mama. Lililetwa limekunjwa, halina mtu."

"Nifanyeje?"

"Ulifuma kwa mkono wako, fumua kwa mkono wako. Anzia ulipomalizia. Yote. Hapo mtoto atanyonya." Kwa mara ya kwanza aliinua macho. Yalikuwa macho ya kawaida tu, yamechoka. "Na wewe atakusahau. Hatakujua zaidi ya anavyowajua majirani. Hilo ndilo linawashinda wengi."

Aliporudi, Wifi alikuwepo. Alikuwa ameleta chakula, na alikuwa anaosha vyombo bila kuambiwa. Chumbani mtoto alikuwa akitoa ule upepo wake wa kulia. Dobi aliingia, akamvua blanketi bila maelezo, akatoka nalo sebuleni, akakata fundo la mwisho kwa meno.

Kufumua kunataka watu wawili. Mmoja avute, mwingine azungushe, la sivyo uzi unajifunga mafundo. Wifi alifuta mikono kwenye kanga, akavuta kiti, akashika ncha ya uzi. Hakuuliza kitu. Dobi alitamani angeuliza, apate sababu ya kumfokea.

Krrrk... krrrk...

Mstari mmoja ukatoka, kisha kumi. Uzi ulikuwa na joto vidoleni. Katikati ya blanketi lile bonde lilikuwa likipanda na kushuka kwa haraka, haraka zaidi, na Dobi aliusikia wimbo ukikatikakatika kama mtu anayeimba huku anakimbia.

"Wangu... wangu... wa..."

Alimtazama Wifi. Wifi alikuwa anazungusha uzi, ametulia. Hakusikia.

Kilio cha chumbani kilipungua. Nusu ya blanketi ilikuwa imekwisha na kitu kingine kilikuwa kinamtoka Dobi, alikihisi waziwazi. Ule uzito wa kichwa kidogo kifuani. Yale macho yaliyomtafuta. Kila mstari ulipotoka vilizidi kuwa mbali, na machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Wifi aliyaona, akageuza uso kwa adabu.

Robo ikabaki. Ikabaki mistari kumi. Bonde lilitulia. Wimbo ukanyamaza.

Chumbani ukimya uliingia. Kisha ikasikika sauti ndogo, ya kunyonya kwa pupa, na mdogo wake akacheka na kulia kwa pamoja.

"Ananyonya," alisema. "Jamani ananyonya. Wifi, njoo uone. Wifi, njoo."

Dobi aliinua kichwa.

Wifi alimtazama, kama anaomba ruhusa, kisha akaacha kiti akaenda. Pazia lilianguka nyuma yake. Dobi alisikia kitanda kikilia, minong'ono, kicheko. Akamsikia mdogo wake akisema, "Lete lile lako lenye majani, tumfunike nalo." Baada ya muda akasema, "Mshike wifi, mshike tu. Ona, halii."

Miaka yote ile mgongoni. Miaka ya pasi. Mdogo wake alipoona mwanawe amepona, jina lililomjia mdomoni halikuwa la dada yake.

Mkononi mwa Dobi ulikuwa umebaki mstari mmoja, ule wa kwanza kabisa. Vitanzi mia moja na arobaini, wazi, vinasubiri kuvutwa mara moja viishe.

Alivitazama. Mstari mmoja ni kitu gani? Haufiki upana wa kidole, haumfuniki mtu. Mtoto alikuwa ameshanyonya. Atanyonya tena kesho, ataongezeka, mzani utaona. Si lazima amsahau kabisa. Kidogo tu. Haki yake.

Alichomoa sindano ya kushonea kwenye ukosi, akapitisha uzi ndani ya vitanzi vyote, akavuta. Mstari ukajikusanya, ukawa kipete kidogo kinachoingia kiganjani. Akapiga fundo. Akapiga la pili. Akakata uzi kwa meno, akakitia kile kitu ndani ya sidiria, upande wa moyo.

Kikapata joto.

Chumbani kicheko kilikatika. Kitanda kililia. Wifi alisema jambo kwa wasiwasi, na mdogo wake akajibu, "Sijui, alikuwa ananyonya vizuri, ameacha tu... anageuza kichwa. Anaangalia mlangoni."

Kisha mtoto akaanza kulia.

"Dada?" mdogo wake aliita. "Dada, hebu njoo."

Dobi aliinuka, akajipangusa nyuzi mapajani, akajifuta uso kwa upindo wa nguo.

"Nakuja," alisema, na hakuwa na haraka.